Macho ya Turi

Turi Cavallaro alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sukari cha Stonelea tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akisoma gazeti. Watu walidhani ni maringo. Wengine walisema macho yameharibiwa na moshi wa miwa. Ukweli ni kwamba herufi zilikuwa hazitulii mbele yake. Akilikodolea neno macho, herufi zilisogea na kupandana, na mpaka amalize kuzipanga upya alikuwa ameshasahau sentensi ilianzaje. Akipewa chumba kimya na muda wa kutosha, alifika. Lakini msimu wa kusaga miwa, kiwandani, nani anapewa muda?

Marehemu mkewe, Assunta, ndiye aliyekuwa akimsomea kila kitu: barua za serikali, maelezo ya dawa, hata vitabu vya mtihani wa ufundi enzi za ujana wao, akimkaririsha jikoni huku tambi zikichemka. Alipofariki, Turi alianza kusahau miwani. Aliisahau kwenye gari, kwa dada yake, kwenye boti ya rafiki. Mtu asiyemjua angedhani mzee ana miwani ishirini.

Ila picha! Kwa picha ungemvulia kofia. Kompyuta iliyoendesha mitambo ya Stonelea haikuwa imeandikiwa maneno, ilikuwa imechorewa. Programu yake ilikuwa ngazi: mistari miwili iliyosimama, mmoja kushoto na mmoja kulia, na katikati yake vipandio, na juu ya kila kipandio vialama vya swichi na mota. Umeme ukipita, kipandio kinakuwa kijani. Ukikwama, kijani kinakatika papo hapo, na hapo kinapokatika ndipo ugonjwa ulipo. Turi alikuwa na uwezo wa kuivinjari ngazi hiyo upesi kuliko watu wengi wanavyotafuta jina kwenye simu. Mota ya mkanda wa miwa haizunguki? Anaangalia, ananyoosha kidole. "Mlango wa chini haujafungwa vizuri." Watu wanakwenda, wanakuta mlango uko wazi upana wa kidole.

Kutokana na hilo kukazaliwa desturi ambayo haikuwa kwenye kanuni yoyote. Kanuni ilisema miwa ikikwama kwenye koo, yaani lile bomba pana linaloshusha miwa kutoka kwenye mkanda kwenda kwenye visu, basi yeyote anayeingia kuikwamua aende kwanza chumba cha swichi kuu, akate umeme, afunge kwa kufuli lake mwenyewe na ufunguo autie mfukoni. Chumba hicho kilikuwa ng'ambo ya uwanja, juu ghorofani. Na koo lilikuwa likikabwa kila mara, hasa mvua ikinyesha. Kwa hiyo watu wa Stonelea walivuta kamba ya dharura iliyopita kando ya mkanda, kisha mmoja akapaza sauti kuelekea kibanda cha skrini alimokaa Turi: "Umeona?" Turi akiangalia ngazi na kuona kijani kimekatika pale penye kamba, alijibu: "Nimeona!" Basi, wanaingia. Waliita hivyo kuingia kwa macho ya Turi. Makufuli mekundu yalibaki yakining'inia kwenye mikanda ya suruali kama mapambo.

Aliyeingia mara nyingi zaidi alikuwa Merv Dunstan, fundi mitambo, mtu mwenye tumbo na kelele. Yeye na Turi walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa muda mrefu kiasi kwamba watu waliwataja kama kitu kimoja. Merv alikuwa na tabia moja iliyowachosha wote: akiingia chumba cha chai, lazima asome ubao wa matangazo kwa sauti, kuanzia juu mpaka chini, akiigiza sauti ya mtangazaji wa redio. "Ndugu wasikilizaji, Jumatano hakutakuwa na maji ya moto bafuni. Anayeiba mikate ya nyama kwenye jokofu, tunakujua." Wenzake walimrushia vifuniko vya chupa. Turi alicheka pamoja nao, akinywa chai yake.

Kirra Lonergan alipokuja, alikuja na maandishi. Alikuwa mhandisi kijana, mpole, mwenye kucha zilizotafunwa, na tusimwonee: alichosema kilikuwa na maana. Ngazi ya Stonelea ilikuwa imekua kupita kiasi. Kila fundi aliyepita alikuwa amegongelea kipandio chake, mpaka hakuna aliyejua vingine vinafanya nini. Kirra alitaka kuifuta yote na kuandika upya kwa maneno, mstari chini ya mstari, kitu ambacho mtu anaweza kukitafuta, kukilinganisha na cha jana, na kukipima kabla hakijaendesha chuma.

"Mashine haijui kusoma," Turi alimwambia siku ya kwanza, chumba cha chai kikiwa kimejaa. "Mashine inajua umeme. Mimi nataka kuuona umeme unapita wapi. Hayo maneno yako kamwandikie mchumba."

Watu walipiga meza kwa kucheka. Kirra akaona haya, lakini hakurudi nyuma. "Naweza kubakiza ukurasa mmoja wa picha kwa ajili ya mkanda na koo," alisema. "Si kazi kubwa. Kuna anayeuhitaji?"

Hapo ndipo pa kusema ndiyo. Turi alifungua mdomo. Lakini chumba kizima kilikuwa kinamtazama, na akaona kama neno hilo moja litamvua nguo mbele yao.

"Mwekee huyu mzee picha, mwanangu," Merv alisema akitafuna. "Anapenda vibonzo."

"Vibonzo kakuchoree wewe, kichwa maji!" Turi alifoka. "Mimi sihitaji kuchorewa kama mtoto wa chekechea."

Wakacheka tena, na habari ya ukurasa wa picha ikaishia hapo. Merv peke yake hakucheka. Aliutazama mkate wake wa nyama, akaurudisha kwenye mfuko, akatoka nje.

Masika yalipita, maandishi yakawekwa, mafunzo yakafanyika. Turi alikaa nyuma kabisa, miwani usoni, akaitikia kwa kichwa kila wenzake walipoitikia. Msimu ulipofunguliwa alijikaza. Nyumbani alifanya mazoezi ya maneno machache kwa kuyakariri umbo: hili lenye mkia ni mota, hili fupi ni simama. Alijifunza mahali yanapokaa kwenye skrini, mithili ya mtu anayejifunza samani za chumba ili atembee gizani. Yalipokuwa mahali pake, alimudu. Hitilafu kubwa zikitokea alisema anakwenda kuangalia mota yenyewe kwa mkono, na kwa kuwa alikuwa fundi kweli, mara nyingi alizipata. Hakuna aliyemshuku.

Na ile desturi? Haikufa. Merv aliibadilisha maneno tu. "Siku hizi hatuulizi umeona," alitangaza. "Tuna mambo ya kisomi. Tunauliza, umesoma?"

Turi alichukia swali hilo kuliko kitu chochote duniani. Alijibu kila mara: "Nimesoma."

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, mvua ya ovyo isiyo ya msimu. Miwa ilikuja na matope na mizizi, na kabla ya saa nne asubuhi koo lilikuwa limekabwa. Mota ilizidiwa, mkanda ukasimama wenyewe. Garth, msimamizi wa zamu, alikuwa kibandani nyuma ya Turi, simu sikioni, akifokewa na mtu wa treni: mabehewa ya miwa yamepanga foleni mpaka darajani. Vijana wawili wa maabara walikuwa wamejibanza humo humo kukwepa mvua.

Merv alivuta kamba. Turi aliona kupitia dirisha mkono wake ukivuta, kamba ikalegea vizuri. Merv akashika uma wake mrefu wa kukwamulia miwa, akainama kwenye mlango wa koo, halafu akageuka.

"Umesoma?" alipaza sauti.

Turi aliangalia skrini. Maneno yalikuwa mengi kuliko kawaida. Mstari mpya ulikuwa umeingia katikati, mrefu, na ukawa umeyasukuma yote chini, kila kitu kimehama mahali pake. Alitafuta neno fupi, lile la kusimama. Akaliona, au akaona neno linalofanana nalo. Aliurudia ule mstari mrefu. Herufi ya kwanza, ya pili. Zikaanza kupandana.

"Turi, vipi?" Garth alisema, kiganja kimefunika simu. "Mabehewa yananisubiri, bwana."

"Umesoma, ndugu yangu?" Merv aliuliza tena kutoka kule, na safari hii hakuwa na utani kwenye sauti. "Au nije nikusomee?"

Mmoja wa vijana wa maabara alicheka. Hakucheka kwa ubaya, kijana wa watu. Alidhani ni utani.

"Nimesoma!" Turi alijibu.

Merv akaingia.

Mstari ule mrefu ulisema hivi: ANGALIZO, KAMBA YA PILI IMERUKWA KWA MAJARIBIO, USIITEGEMEE. Kirra alikuwa ameuandika Jumapili, alipokuwa akipima mkanda kwa ruhusa ya meneja, na majaribio yalikuwa hayajakwisha. Kamba iliyovutwa na Merv ndiyo hiyo ya pili, na kwa muda kompyuta ilikuwa imeambiwa isiijali, kwa hiyo haikuwa imezima kitu. Mkanda ulikuwa umesimama kwa sababu moja tu, miwa ilikuwa imeukaba. Merv alipopata ule mzizi mkubwa na kuung'oa, sababu hiyo ikaondoka. King'ora kikalia kwa sekunde chache, kama kilivyopangwa, na mkanda ukaanza kutembea.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Walioona hawajapenda kueleza, na Turi alikuwa miongoni mwa walioona.

Kwenye ngazi ya zamani angelijua kabla ya kuvuta pumzi. Kamba imevutwa na kijani kinapita pale pale kana kwamba hakuna aliyeigusa. Hilo hata usingizini angeliona. Wazo hili lilimjia kwanza kama faraja. Baadaye likawa ndilo analolala nalo, na lilikuwa halina faraja yoyote. Kwa sababu ngazi haikuwepo siku ile, na yeye alijua haipo, na alisema neno lile.

Mkaguzi wa serikali alimuuliza aliona nini kwenye skrini. "Niliangalia," Turi alisema. "Mkanda ulikuwa umesimama. Sikuona kitu cha kunizuia." Kila neno lilikuwa la kweli ukilichukua peke yake. Mkaguzi hakumuuliza kama anajua kusoma. Nani anamuuliza mtu mzima, fundi mkuu wa zamu, swali la namna hiyo?

Kirra alirudishwa nyumbani kwa barua. Kwenye duka la mikate watu walimwita yule msichana wa maandishi, na walipomwona akiingia walinyamaza mpaka atoke. Alimpigia Turi simu mara moja. "Niliweka onyo," alisema, sauti imekauka kwa kulia. "Nina hakika niliweka. Lilikuwa halionekani? Niambie tu, Turi. Labda niliandika vibaya." Turi alimjibu kwamba mkaguzi amekataza watu kuzungumza. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Kisha meneja akakusanya zamu zote uwanjani, akavua kofia, akasema maandishi yataondolewa na ngazi itarudishwa. Kwa heshima ya Merv. Garth alimpiga Turi begani. "Ulisema tangu mwanzo, mzee. Tungekusikiliza wewe." Watu wakapita kumshika mkono mmoja mmoja. Kitu alichokuwa akikipigania alikuwa amekipata, na alikipokea akiwa amesimama pale, mikono ya watu ikija, na kila mkono ulimchoma.

Siku moja kabla ya mazishi alikwenda kwa Glenys, mjane wa Merv, kumkatia majani. Hakujua la kufanya zaidi ya hilo. Alisukuma mashine huku na huko kwenye uwanja uliokuwa umeshakatwa na mtu mwingine, mpaka Glenys akatoka barazani na vikombe viwili.

"Zima hiyo, Turi. Unakata udongo sasa."

Wakakaa kwenye ngazi za baraza. Mbwa wa Merv alikuwa amelala juu ya viatu vya Merv.

"Nataka kesho useme wewe," Glenys alisema. "Pale klabuni, tutakapomuaga. Merv asingetaka mchungaji, unamjua."

"Glenys, mimi... Hata miwani yangu sijui nimeiweka—"

"Achana na miwani." Alitoa karatasi mfukoni mwa aproni, akaikunjua juu ya goti lake. Alikuwa amefundisha watoto wadogo maisha yake yote, na mkono wake ulijua kuchora. Haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa na visanduku: boti yenye tundu, na wanaume wawili wakikomba maji kwa kofia. Mbwa aliyebeba kiatu. Mtu mnene mbele ya ubao, mdomo wazi. "Utafuata hizi. Kila moja unajua hadithi yake."

Turi aliitazama karatasi, kisha Glenys. "Merv alijua?"

"Tangu ule mwaka wa mafuriko. Ulidhani kwa nini alikuwa akisoma ule ubao kama mwendawazimu? Waliokuwa wamekaa pale wote wanajua kusoma. Alikuwa anakusomea wewe."

Turi alimkumbuka Merv na mkate wake wa nyama. Mwekee huyu mzee picha.

"Niliwahi kumuuliza," Glenys aliendelea, akitazama majani. "Nikamwambia, Merv, huogopi kuingia mle ndani kwa neno la mtu asiyeweza kusoma? Akasema Turi anadanganya kuhusu miwani tu. Kuhusu mashine hajawahi kunidanganya, akasema, hata mara moja."

Turi akakiweka kikombe chini. Kwenye karatasi, chini kabisa, kulikuwa na kisanduku cha mwisho. Ndani yake kulikuwa na kamba na mkono ulioishika. Kingine chote kilikuwa cheupe.

"Hapo sikujua nichore nini," Glenys alisema. "Mimi sikuwepo. Hapo utasema wewe."

Alimtazama aone kama anaombwa au anahukumiwa. Uso wa Glenys ulikuwa umechoka tu. Huenda alikuwa hajafika huko bado. Lakini alikuwa na vipande vyote mkononi, na alikuwa mwanamke mwenye akili. Usiku huo, au baada ya mwezi, angeviunganisha.

Klabu ilijaa mpaka watu wakasimama nje chini ya miavuli. Glenys alikaa mstari wa mbele na kiti cha pembeni yake alikuwa amekiwekea mkoba, kukishikilia kwa ajili ya Turi. Kirra alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakuna aliyempisha.

Turi alianza na boti. Watu walicheka, wakalia, wakacheka tena. Alisimulia mbwa na kiatu. Alisimulia ubao wa matangazo, akaigiza ile sauti ya redio, na ukumbi mzima ukapiga makofi kwa ajili ya marehemu. Angeweza kukunja karatasi hapo. Garth alikuwa tayari amesimama, glasi mkononi. Hakuna aliyejua kuna picha nyingine ila mtu mmoja, na huyo alikuwa akimtazama kwa upole.

Turi aliutazama ule mkono ulioshika kamba. Kisha akainua macho, akatafuta mlangoni mpaka akampata aliyekuwa akimtafuta.

"Onyo lilikuwepo," alisema. "Kirra aliliandika, na lilikuwa mbele ya macho yangu. Mimi sijui kusoma. Sijawahi kujua vizuri. Merv aliniuliza kama nimesoma. Akaniuliza tena, kama aje anisomee. Nilimwambia nimesoma."

Garth akaketi taratibu. Mtu fulani nje, ambaye hakuwa amesikia, aliuliza kwa sauti amesema nini, na akanyamazishwa. Turi alikunja karatasi, akashuka kutoka jukwaani, akatembea mpaka mstari wa mbele. Glenys alikuwa anaangalia mbele. Kwenye kile kiti cha pembeni yake mkoba ulikuwa bado upo, na hakuuondoa.